Watu, Chini, Daraja, Maji

Mto ulipoanza kupungua, watu walilaumu mawingu kwanza. Mawingu yalipoonekana hayana kosa, wakageuza macho upande wa juu, ng'ambo ya mpaka, ambako nchi jirani ilikuwa imemaliza kujenga bwawa lake kubwa na sasa ilikuwa ikilijaza. Wajumbe wa nchi mbili wakakutana hotelini, wakapigwa picha wakishikana mikono, wakaachana bila kuelewana. Wakakutana tena, wakaachana tena. Safari ya mwisho hata picha haikupigwa. Redio ikatangaza kwamba kuanzia siku ile nchi ya juu haitatoa tena taarifa za bwawa lake, maana ni siri ya dola. Waziri wa nchi ya chini akajibu kwamba kila tone la mto ule ni damu ya wananchi wake. Basi mji mzima ukawa hauna hadithi nyingine. Kinyozi akawa waziri, muuza mkaa akawa jenerali.

Mama Tanuri hakuwa na nafasi ya ujenerali. Alikuwa na matofali. Marehemu mumewe alimwachia kiwanja kando ya mto, hatua chache chini ya daraja, penye udongo mwekundu unaoshikana kama unga uliokandwa vizuri. Upande wa chini, karibu na maji, ndiko walikochimba udongo, wakaukanyaga, wakaufyatua kwa kalibu za mbao na kuanika matofali mabichi safu kwa safu. Upande wa juu, penye mwinuko, palikuwa na tanuri, kibanda cha zana, na nyumba ya familia. Jina la Mama Tanuri alipewa wakati mumewe akiwa bado hai, na lilimkaa. Alikuwa mwanamke wa moto, mwenye moyo mweupe na mdomo usio na mlango. Neno likiingia sikioni mwake asubuhi, jioni limeshafika sokoni, limenunua mboga na kurudi.

Kazi za kiwanja zilisimamiwa na mwanawe wa pekee, Baba Kidoti, na mkewe Mama Kidoti. Huyu mkaza mwana alikuwa mtu wa nchi ya juu. Alipoolewa, bwawa lilikuwa bado ramani tu, na siku ya harusi mashemeji walitania kwamba mke wa kutoka juu ana faida: akigombana na mumewe akaenda kwao, hahitaji nauli ya kurudi, mkondo utamleta wenyewe. Mama Tanuri alicheka mpaka akashika mbavu. Alimpenda yule binti. Alikuwa na mikono ya kazi, hakuwa na makuu, na alimzalia mjukuu mwenye kidoti shavuni ambaye bibi yake alimwita mume wangu ingawa alikuwa msichana.

Ila utani nao huchacha. Siku hizi Mama Kidoti akipita sokoni, wanawake walinyamaza, na akishapita wakaanza tena. Mara moja muuza nyanya alimwambia, "Nyanya zimepanda bei, waulize ndugu zako kwa nini." Mama Tanuri alimjia juu yule muuza nyanya, akamtolea maneno ambayo hata nyanya ziliona haya. Lakini njiani kurudi nyumbani alijikuta akimtazama mkwewe kwa pembe ya jicho, kama mtu anayetazama sarafu ambayo amesikia huenda ni ya bandia.

Mambo yalianzia kibandani. Mama Tanuri alikwenda kuchukua kalibu, akamkuta mkwewe amechuchumaa nyuma ya mafurushi ya turubai, simu sikioni, akinong'ona kwa lugha ya kwao. Alipomwona mama mkwe alisema neno moja fupi, akakata, akaiweka simu kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umejificha humu kama panya?"

"Nje kuna upepo, hawanisikii. Nilikuwa naongea na mama. Mgonjwa."

Mama Tanuri alitazama nje. Majani ya mgomba wa jirani yalikuwa yametulia tuli, hakuna hata moja lililopunga. Hakusema kitu. Kwa mtu kama yeye, kutosema kitu kulikuwa kama kumeza mfupa.

Kesho yake asubuhi, jua likiwaka na mbingu ikiwa nyeupe kama sahani, Baba Kidoti aliwaita wafyatuaji wote na kuwaamuru wahamishe matofali mabichi kutoka chini kuyapeleka kwenye mwinuko.

"Yote?" aliuliza Mama Tanuri. "Bado hayajakauka hata mgongo! Tukiyashika sasa yatapinda kama ndizi."

"Yapinde, mama. Nataka kusawazisha kule chini."

"Kusawazisha nini? Baba yako aliacha pale pamesawazika kama meza."

Kijana alichukua tofali na kupanda nalo. Mfyatuaji mkuu, aliyeitwa Kasuku kwa utani, kwa sababu siku nzima iliweza kupita bila yeye kusema sentensi, alimtazama Mama Tanuri, akainua mabega, akachukua lake. Kazi ile ilikula mchana wote. Tena Baba Kidoti akashuka hadi kiwanja cha pili, cha Mzee Turubai, akamwambia kuna mamba ameonekana chini ya daraja, kwa hiyo afadhali watu wake wapumzike. Mzee Turubai alikuwa mtu wa kufunika kila kitu, matofali, kuni, hata baiskeli yake, na mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu ujana. Aliwaondoa watu wake, lakini matofali aliyaacha. Mamba, alisema, hali tofali.

Alfajiri mto ulikuja. Hapakuwa na mvua wala radi. Ulivimba tu, mwekundu, ukala ufuo wote wa chini, na kabla ya chai kunywewa matofali ya Mzee Turubai yalikuwa yamerudi kuwa tope chini ya turubai zake nzuri. Redio haikusema kitu. Jioni maji yalishuka kama yalivyopanda.

Mzee Turubai alichechemea hadi mlangoni kwa Mama Tanuri.

"Jirani," alisema, "huyo mamba wenu ni wa aina gani? Anayejua siku ya mafuriko?"

"Mamba ni mnyama wa majini, lazima ajue," alijibu Mama Tanuri.

"Usinichekeshe, mimi nimepoteza. Nyinyi mlijuaje? Mbingu ilikuwa kavu, redio kimya, serikali yenyewe haikujua. Nyinyi mkajua." Akatazama uani, ambako Mama Kidoti alikuwa akimwogesha mtoto. "Kikulacho ki nguoni mwako, jirani. Mimi nimesema, nimemaliza."

"Toka kwangu!" alifoka Mama Tanuri. "Mkwe wangu usimguse hata kwa macho!"

Alimfukuza, naye akaondoka. Neno lake lilibaki.

Likaanza kumtafuna. Mama Tanuri akawa mtu wa kusikiliza. Akifagia uani, anafagia karibu na dirisha la mkwewe. Akichota maji, ndoo inajaa na kumwagika, yeye amesimama. Usiku alihesabu mambo: simu ya kibandani, kesho yake matofali yahamishwe, keshokutwa mto ukaja. Je, mwanawe ameingizwa kwenye nini? Alimzaa, akamlea, akamfundisha kufyatua. Leo anamwambia kusawazisha, naye hakushika hata jembe. Hata mjukuu alianza kumtia wasiwasi. Siku moja Kidoti alinyoosha kikombe akaomba maji kwa lugha ya mama yake, na Mama Tanuri, aliyekuwa akilijua neno lile tangu siku za harusi, akashtuka kama aliyemwagiwa hayo maji mgongoni. Kisha akaona aibu, akambeba mtoto, akampa maji na sukari juu.

Ilikuwa wiki chache baadaye, saa za mchana, watu wakiwa wamelala kidogo baada ya chakula, ndipo alipoyasikia. Mkwewe alikuwa nyuma ya tanuri, mahali palipo na joto na pasipokwenda mtu. Mama Tanuri alijibana upande wa pili, mgongo ukiungua kwenye ukuta. Lugha ile hakuijua, ila miaka ya kuishi na mtu humwachia mtu makombo. Aliyaokota makombo hayo moja moja. *Watu.* Kisha maneno mengi. *Chini.* Kisha *daraja*, hilo alilisikia vizuri. Watu tena, na safari hii kwa mkazo, kama anayeapa: watu wengi. Na mwisho, *maji*.

Watu, chini, daraja, maji.

Mama Tanuri alishikilia ukuta. Kichwa chake kilifanya kile ambacho kichwa cha kila mtu mjini kingefanya. Wanauliza watu wako wapi. Wanaambiwa. Halafu wanafungua maji.

Jioni alimkamata mwanawe penye kuni.

"Baba, niambie ukweli. Mkeo anaongea na nani?"

"Na mamake."

"Mamake ndiye anayemuuliza habari za daraja?"

Uso wa Baba Kidoti ulibadilika, na mama aliyemzaa aliona. "Umekuwa ukisikiliza?"

"Masikio ni yangu, na kiwanja ni changu. Niambie."

"Mama, nakuomba. Achana na jambo hili. Si kila kitu ni cha kujua."

"Mimi si wa kujua? Mimi?"

"Achana nalo, mama."

Angesema uwongo wowote pale, mzuri au mbaya, huenda Mama Tanuri angelala. Lakini kuambiwa aachane nalo kulimthibitishia kwamba liko. Amemtia mwanangu mfukoni, alijisemea, na kifungo amekifunga.

Ofisi ya usalama ilikuwa nyuma ya posta, chumba chenye feni iliyotikisika na kalenda ya mwaka uliopita. Afisa alikuwa kijana mpole mwenye kucha safi. Alimpa kiti, akamwita mama, akamwacha aseme. Mama Tanuri alisema. Alianza kwa nia ya kusema kidogo, lakini mdomo wake ulizoea mteremko. Simu, kibanda, mamba wa uwongo, tanuri, maneno manne.

"Yarudie hayo maneno," alisema afisa.

Aliyarudia. Mle chumbani yalisikika mabaya zaidi kuliko kichwani.

"Mwanangu hahusiki," aliongeza haraka. "Na huyu binti mimi simchukii. Nataka aulizwe tu."

"Kuuliza ndiyo kazi yetu, mama. Umefanya vyema. Ukifika nyumbani usimwambie mtu."

Hakumwambia mtu. Walikuja asubuhi iliyofuata, watu wawili waliovaa mashati ya kawaida, wakamwomba Mama Kidoti simu yake na kitambulisho, halafu wakamwomba mwenyewe. Kidoti alishika gauni la mama yake, wakavibandua vidole vyake vidogo taratibu. Mama Kidoti hakulia. Alimtazama mumewe akasema, "Watoe watu kule chini. Kila siku. Unasikia? Kila siku." Mmoja wa wale watu alimwuliza mwenzake, "Ana maana gani? Kwa nini kila siku?" Wakaangaliana. Wakamwondoa.

Baba Kidoti alishinda ofisini siku ile, na ya pili, na ya tatu, akisimama ukumbini, akiambiwa rudi mchana, rudi kesho. Kabla ya kuondoka aliwakataza watu kushuka. Lakini kulikuwa na oda ya shule iliyokuwa ikijengwa, na kuni zilishanunuliwa, na Mama Tanuri alikuwa na dhamiri inayomwasha. Njia pekee aliyoijua ya kutuliza kitu kinachowasha ilikuwa kazi. Siku ya nne mwanawe alipotokomea barabarani, alisema, "Jamani, mto umelala kama maiti. Tushuke." Wakashuka, yeye mbele. Chini ya daraja wanawake wachimba udongo walikuwa wameshaanza, na Mzee Turubai alikuwa ameketi juu ya ndoo akiwasimamia watu wake.

Maji hayakuja kama ukuta, jinsi watu walivyosimulia baadaye. Mama Tanuri alikuwa ameinama akigeuza matofali upande wa pili yapate jua, akahisi mchanga unalegea chini ya nyayo. Akatazama, miguu yake imo majini mpaka kwenye vifundo. Akasikia sauti kutoka upande wa darajani, kama lori kubwa linalopanda mlima bila kufika. Kasuku alikuwa ameshatupa kalibu.

"Pandeni!" alisema Kasuku. "Pandeni, pandeni!"

Watu walisema baadaye kwamba hawakuwahi kumsikia akipaza sauti. Alimshika Mama Tanuri kiunoni kama gunia, akamsukuma kwenye ngazi za udongo, akarudi. Akawavuta wanawake wawili. Akarudi. Mzee Turubai alikuwa amesimama penye ndoo yake, maji kiunoni, mguu mbovu umemkatalia. Kasuku alimfikia, akamwinua, akamrushia wale waliokuwa ukingoni, wakamdaka kwa kola. Walipogeuka kumpa Kasuku mkono, hapakuwa na Kasuku. Palikuwa na maji mekundu yakipita, na kalibu moja ikizunguka juu yake.

Walimpata baada ya siku mbili, mbali, mahali mto unapopinda. Walimzika kwenye mwinuko nyuma ya tanuri, kwa kuwa hakuwa na ndugu aliyejulikana. Redio ilisema nchi ya juu imefungua milango ya bwawa kwa makusudi ili kuua. Redio ya juu, waliyoipata kwa kukwaruza, ilisema mvua kubwa ilinyesha milimani na bwawa lingepasuka, na kwamba wangetoa taarifa kama nchi ya chini isingekuwa imewafukuza wataalamu wao. Kila redio ilikuwa na hakika.

Siku ya maziko, watu walipotawanyika, Baba Kidoti alibaki na mama yake penye udongo mbichi.

"Ulitaka kujua anaongea na nani," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimwogopesha mama zaidi. "Ana kaka yake. Kazi yake ni milango ya bwawa. Tangu nchi zigombane, wamekatazwa kumwambia mtu siku ya kufungua; akijulikana amesema, anafungwa. Lakini ana dada huku na mpwa huku. Kwa hiyo alikuwa akimpigia kwa simu ya mama yao. Anauliza: huko chini ya daraja kuna watu? Mama Kidoti anamwambia wapo, wapo wengi, tupe nafasi tuwatoe, usiache kutuambia maji yakija. Basi. Hayo ndiyo uliyosikia."

Mama Tanuri alikaa chini. 

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mama," alisema mwanawe, "wewe ungeweza kunyamaza?"



Usiku ule hakulala, na asubuhi alivaa khanga yake ya heshima aende nyuma ya posta akaseme ukweli wote. Ukweli ungemtoa mkwewe, si ndiyo? Alikuwa amefika nusu ya njia alipopunguza mwendo. Penye karakana ya baiskeli alisimama kabisa. Akaufuata ukweli ule kwa akili, hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata kondoo aone anakokwenda. Akisema kuna kaka milangoni, afisa mwenye kucha safi ataandika: ana ndugu ndani ya bwawa la adui. Magazeti yatapata. Ng'ambo watasoma, kaka atafungwa. Huku watasema mwanamke alijua siku ya maji na hakuiambia serikali, mtu amekufa, naye atafungwa. Ukweli ungewamaliza wote wawili. Mama Tanuri alisimama pale mpaka fundi baiskeli akamwuliza kama amepotea.

"Nimepotea, ndiyo," alisema, akaendelea na safari.

Afisa alimkaribisha kiti kilekile.

"Nimekuja kutubu," alisema Mama Tanuri. "Nilikudanganya."

"Ulidanganya nini?"

"Vyote. Yule binti anaongea na mamake, mgonjwa, mimi najua fika. Lugha yao siijui, hata salamu. Yale maneno niliyatunga kwa habari za redio."

Afisa alifungua daftari lake. Feni ilitikisika. "Na matofali yaliyohamishwa?"

"Niliyahamisha mimi. Marehemu mume wangu alinifundisha kuusoma mto. Nikamsingizia mwanangu na mkewe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mke wa mwanangu. Wewe umeoa?"

"Nimeoa."

"Mama yako anampenda mkeo?"

Afisa alizungusha pete kidoleni mwake. Hata hivyo hakuwa mjinga. Aliegemea mbele. "Mama, siku ile ulikuja umejaa hofu. Leo umekuja umejaa toba. Sijui nikuamini yupi. Labda mmekubaliana nyumbani. Labda yeye ndiye aliyekufundisha la kusema."

"Nikubaliane naye?" Mama Tanuri alisimama, akapiga makofi ya dharau. "Mimi nikubaliane na yule? Aliyenichukulia mwanangu! Tangu aingie, mwanangu haniambii kitu. Nikiuliza, achana nalo, mama. Nyumba yangu mwenyewe, naambiwa si kila kitu ni cha kujua! Anamnong'oneza mtoto lugha ambayo mimi bibi yake siielewi, wakicheka nadhani wananicheka mimi! Ndiyo, nilitaka aondoke! Nilitaka mumchukue, mumpeleke kwao, niachiwe mwanangu!"

Mlango ulifunguka kidogo, watu wa chumba cha pili wakachungulia. Maneno yalikuwa yametoka bila kusukumwa, na hilo ndilo lililomtisha Mama Tanuri kuliko afisa. Alikuja kusema uwongo, na sasa hakujua ni kiasi gani cha alichosema kilikuwa uwongo.

Mtu wa chumba cha pili alicheka. "Mama wakwe hawa! Wataleta vita ya nchi mbili." Afisa hakucheka, lakini mabega yake yalilegea. Ujasusi aliufundishwa kazini. Chuki ya mama mkwe aliijua tangu nyumbani. Alimkaripia vikali, akamwambia angeweza kumshtaki, akamfanya arudie ungamo lake mbele ya wale wengine, mmoja wao binamu wa muuza nyanya. Kabla Mama Tanuri hajafika nyumbani, habari ilikuwa imefika sokoni. Safari hii hakuibeba yeye.

Walimwachia Mama Kidoti siku iliyofuata. Simu hawakumrudishia. Alishuka kwenye gari amekonda, akamkumbatia mtoto wake kwa muda mrefu, akaingia ndani akaoga. Kisha akaja jikoni ambako mama mkwe alikuwa akikuna nazi, akavuta kigoda akaketi mbali kidogo, karibu na mlango.

"Wameniambia ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Wameniambia pia ulichokuja kusema mwisho. Walikuwa wakikicheka."

"Waache wacheke."

Mama Kidoti alitazama mikono yake. "Baba Kidoti alitaka kukuambia tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia mama yako atatuuza. Sikusema atasahau akaropoka, nilisema atatuuza." Akainua macho. "Kila ulipofagia karibu na dirisha langu nilikuhesabu. Nami nilikuwa nakuchunguza, mama."

Mama Tanuri aliacha kukuna. Ilimuuma, na wakati huohuo, ajabu, ilimpa nafuu kidogo, kama jipu linapotumbuliwa.

"Kasuku amekufa," alisema.

"Najua. Nimepita kaburini kabla ya kuja huku."

"Ni mimi niliyewashusha."

"Najua hilo pia."

Hakumwambia si kosa lako.  Mama Kidoti alinyanyuka, akachukua nazi mikononi mwa mama mkwe, akakaa kwenye mbuzi badala yake, akaendelea kukuna yeye. 

Habari za kaka zilichukua muda. Zilikuja kwa mdomo wa dereva wa malori ya mpakani: yu hai, hakufungwa, ila wakubwa wake walishuku jambo wakamhamishia ghala la vipuri, mbali na milango. Aliyewekwa mahali pake hana dada upande huu. Wajumbe walikutana tena, wakaachana tena. Basi Mama Tanuri akakata shauri: hakuna atakayeshuka. Walihamisha kazi yote kwenye mwinuko, wakawa wanabeba udongo kwa mkokoteni kutoka mbali, udongo wa kijivu usioshika vizuri, na matofali yao yakapungua sifa. Mzee Turubai alihamia jirani nao kule juu. Alikuja kila Ijumaa kufyeka majani kwenye kaburi la Kasuku, na hakumwuliza tena mtu habari za mamba.

Mjini Mama Tanuri alibaki na jina baya. Wasichana waliokuwa wakichumbiwa walioneshwa yeye kwa kidole: omba usipate mama mkwe kama yule. Alipita katikati yao na kikapu chake, mdomo umefungwa, na walidhani ni kiburi.

Nyumbani, Mama Kidoti alimwita mama kama zamani, akamwamkia kila asubuhi, akampelekea maji ya kuoga. Ila mazungumzo yao yalikuwa kama ya watu waliobeba kitu kizito pamoja, kila mmoja akiangalia mwenzake asije akaachia upande wake. Jioni moja mkwe alirudi kutoka kwa yule dereva wa malori, akapita uani na kitu kimekunjwa ndani ya kitambaa. Mama Tanuri alikiona. Swali likapanda mpaka kwenye meno: ni nini hicho, kimetoka kwa nani? Mama Kidoti alisimama, akamtazama usoni, akingoja.

"Kidoti amelala," alisema Mama Tanuri. "Pita polepole."